Sanduku la Kikundi Lililogoma Kufunguka: Maneno kwa Wahitimu wa Useremala, Moshi

Haya niliyasema kwenye mahafali ya vijana wa useremala hapa Moshi. Siku ile mvua ilipiga bati, nikaruka sehemu. Hapa nimezirudisha.

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi wenzangu mlioshuka kutoka Kibosho, Uru na Marangu, na ninyi wa hapa hapa Majengo na Pasua. Wazee, shikamooni. Wanangu mnaohitimu, hamjambo.

Mwalimu wenu aliponipigia simu nilidhani ananidai. Huwa naleta mbao zangu hapa kuzipitisha kwenye plena, ile mashine ya kuranda, na kuna wiki nalipa na kuna wiki nasema nitakuja. Kumbe anataka nizungumze. Nikamwambia, mwalimu, mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka 32 nimesimama chumba cha upasuaji nikimkabidhi daktari mikasi. Hawa vijana wako wanapaua nyumba, mimi natengeneza visanduku vya kuwekea miwani. Akanijibu, basi njoo na kisanduku.

Nimekuja nacho. Kiko pale mezani karibu na keki. Msikiguse kwanza, nitakirudia.

Nilianza mwaka 2012, na wala sikukusudia. Kihambani kwetu, shamba la ukoo kuzunguka nyumba, kulikuwa na grivilea kubwa iliyopandwa na baba mkwe kuwa kivuli cha kahawa. Ikaanza kuegemea nyumba. Tukapata kibali, ikakatwa, ikapasuliwa. Mbao nyingi zilikwenda kwenye dari, zikabaki nne za inchi moja kwa kumi ambazo hakuna aliyezitaka. Mnaijua grivilea: ukiipasua kwa upande unaofaa inatoa madoa yanayong'aa kama hariri. Nilikuwa nikipita pale zilipoegeshwa, nazitazama, naona uchungu zigeuke kuni. Jirani yetu mmoja, mzee seremala ambaye sasa ni marehemu, akaniazima randa na patasi mbili. Akaniambia nianze na sanduku kwa sababu, kwa maneno yake, "sanduku ni kuta nne tu, mama."

Mungu amrehemu. Alinidanganya.

Wakati huo kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, kilikuwa kinatunza fedha kwenye sanduku la bati lililoshika kutu. Nikajitolea kutengeneza jipya la mbao. Mnajua masanduku yale: kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Nilifanya kazi mwezi wa Januari, jua la Moshi mnalifahamu. Nikaunganisha mbao mbili kwa gundi nipate mfuniko wa upana wa sentimita 38, nikaufanya uzame ndani ya mdomo wa sanduku, na nikauranda mpaka ukaingia kwa kubana hivi, pengo la unene wa karatasi pande zote. Nikajisifu. Nikawaita watoto waje waone pengo la unene wa karatasi.

Tukafika Aprili. Masika. Siku ya kukopeshana, wanawake 25 tumekaa, wengine wana ada za shule kichwani tu, fedha yenyewe imo sandukuni. Mwenye ufunguo wa kwanza akafungua. Wa pili akafungua. Wa tatu akafungua. Mweka hazina akashika mfuniko, akavuta. Mfuniko haukwenda. Akavuta tena. Mwenyekiti akaja na kisu cha jikoni. Kikapinda. Mama mmoja akapendekeza tuliweke karibu na moto likauke, mwingine akapiga kelele kwamba kuna noti ndani. Mwishowe alikuja kijana wa bodaboda na bisibisi, akaling'oa, na kipande cha ukuta wa mbele kikatoka na mfuniko.

Nilikaa kimya siku ile nzima. Kufuli tatu zimefunguka, na bado fedha imefungwa, na aliyeifunga ni mimi na mvua.

Nikarudi kwa mzee. Akacheka hadi akakohoa. Ndipo akanieleza jambo ambalo ninyi mmefundishwa darasani na ambalo mimi nililipa kwa aibu: mbao haijafa. Mti umekatwa, umepasuliwa, umepakwa vanishi, lakini bado unavuta unyevu wa hewa na kuutoa. Ukivuta, unapanuka. Ukitoa, unasinyaa. Na haupanuki kila upande. Kwa urefu wa nyuzi haubadiliki kiasi cha kukusumbua. Ni upana unaocheza, na ubao uliopasuliwa kwa kufuata duara za mti hucheza karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini.

Nilipenda sana hesabu yake, maana sisi wa hospitali tumezoea vipimo. Kwa mbao nyingi zilizopasuliwa kwa kufuata duara, shika kiasi cha robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Tuseme ubao wangu ulikuwa na unyevu wa asilimia 10 Januari, ukafika 14 Aprili. Hiyo ni tofauti ya asilimia 4, kwa hiyo upana umeongezeka kwa asilimia moja. Asilimia moja ya sentimita 38 ni karibu milimita 4. Na mimi nilikuwa nimeacha unene wa karatasi!

Sanduku la pili la kikundi ndilo linalotumika mpaka leo. Mfuniko wake ni fremu, na katikati ya fremu kuna ubao mpana uliokaa kwenye mfereji bila tone la gundi. Kiangazi unasinyaa ndani ya mfereji, masika unapanuka ndani ya mfereji, na fremu haina habari. Kona zake nilizikata kwa mkia wa njiwa, yaani meno ya ubao mmoja yenye umbo la mkia yanayoingia kwenye matundu ya ubao wa pili, kwa sababu sanduku la fedha hubebwa na kuvutwa huku na huku, na kiungo kile huwezi kukichomoa kwa kuvuta upande wa mikia. Mteremko wa mikia ni moja kwa sita kwa mbao laini, moja kwa nane kwa mbao ngumu. Kona ya kwanza ilinichukua siku tatu. Ya nne, jioni moja.

Sasa niseme lililonileta.

Mlango ukikosea milimita moja, hakuna anayejua. Utaranda kidogo pale bawaba ilipo, utafunika na urembo wa fremu, maisha yanaendelea. Kisanduku cha urefu wa sentimita 20 kikikosea milimita moja, kosa linapiga kelele. Chukua zile kona za kukata digrii 45. Kuna kona nne, na kila kona ina mikato miwili, jumla mikato minane. Ukikosea nusu digrii kila mkato, na kosa likielemea upande mmoja, ukifika kona ya mwisho umekusanya digrii nne. Hapo pengo linaingiza kucha. Na hata digrii zikiwa sawasawa, kama pande mbili zinazotazamana zimepishana urefu kidogo tu, kona hazikutani. Ndiyo maana mimi hukata pande zinazotazamana nikiwa nimezishikanisha pamoja, na nikishapaka gundi napima kona kwa kona, huku na huku, mpaka vipimo viwili vilingane. Klampu za kubania kona sina. Nafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, navizungusha kama bandeji. Hiyo kazi naiweza.

Kuna dawa mnayoijua nyote, na wala msijifanye hamuijui: unachukua vumbi la mbao, unakoroga na gundi, unaziba pengo, unapiga msasa, unapaka vanishi. Mteja anaondoka anashukuru. Simlaumu mtu. Mteja amekuja na tarehe ya harusi, kalipa nusu, anapiga simu mara tatu kwa siku. Utafanyaje? Unaziba. Lakini ukikaa miaka mitano unaziba tu, mkono unazoea kuziba, na jicho linaacha kuuliza pengo limetoka wapi. Je, ni msumeno ulioinama? Ni mbao mbichi? Ni randa butu iliyosukuma badala ya kukata? Kazi ya haraka haikupi nafasi ya kuuliza. Kile kisanduku ambacho hakuna anayekisubiri ndicho kinakupa, kwa sababu unaweza kukivunja ukaanza upya na hakuna atakayekupigia simu.

Mwezi uliopita mmoja wenu, yuko hapa anacheka, aliniambia kule kwenye plena, "Mama, wewe una pensheni." Kweli. Mimi sina kodi ya fremu ya duka, na wanangu wamemaliza shule. Sikuambii uache milango. Nakuambia uchukue Jumapili jioni moja kwa mwezi. Na mbao usinunue. Nimeona kwa macho yangu vipande vya mninga vya sentimita 30 kutoka karakana hii vikiivisha maharage kwa mama lishe pale nje. Mama lishe, samahani, maharage yako ni matamu, ila mninga ule umesafirishwa kutoka Tabora au Katavi, na katika mbao zetu ni miongoni mwa zinazocheza kidogo kabisa kwa unyevu. Mbao ya visanduku hiyo! Laiti ningeitumia kwenye ule mfuniko wa kwanza.

Kwa kuwa nimegusa mbao, nivumilieni, maana hapa naweza kukesha.

Mringaringa tunao vihambani, na babu zetu waliuchonga mizinga ya nyuki. Ni mwepesi, unarandika vizuri, una rangi ya asali iliyokolea. Mtarakwa, ule mti wa penseli wa misitu mikavu ya upande wa Kilimanjaro Magharibi, una harufu inayofukuza nondo kwenye nguo, na kipande kidogo kinatosha kutandika chini ya kisanduku cha vitambaa. Kamfa ya mlimani siwezi kuinunua mpya wala sitaki. Tangu 2005 msitu wa asili wa mlima umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na anayekuuzia ubao mbichi wa kamfa leo mwulize vizuri karatasi zake. Ya kwangu ilitoka kwenye kabati bovu la zamani. Niliporanda upande mmoja, nyumba nzima ilinukia, na mjukuu akauliza nani anaumwa mafua.

Halafu kuna mpingo. Mpingo ukiuweka kwenye ndoo ya maji unazama. Unaukereza kwenye mashine ya kuzungusha, huuchongi tu, na patasi yako utaipeleka kwenye jiwe kila baada ya dakika chache. Wazungu wanautumia kwa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza. Kuna mkerezaji mmoja wa Texas, Marekani, James Harris, aliyekuwa akikereza vitu vya mapambo kwa mpingo kule kwao. Akaona filamu iliyoonyesha mti ule na mtaalamu wetu wa mimea Sebastian Chuwa wa Kibosho, mtu aliyewahi kufanya kazi Ngorongoro, akihangaika kuuotesha. Akamwandikia. Mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa kuhifadhi mpingo, na miche ikaanza kuoteshwa hapa kwetu. Mti wenyewe unataka miaka mingi mno kukomaa, zaidi ya maisha ya kazi ya fundi mmoja. Kila nikishika kipande cha mpingo cha ukubwa wa kidole, cha kutengenezea kishikio cha mfuniko, najiuliza kilianza kukua babu gani akiwa mtoto. Ndiyo maana natumia ukubwa wa kidole.

Sasa nilisema nitarudi kwenye kisanduku pale mezani. Ni grivilea ya kihamba kile kile, mabaki ya mwisho. Tazameni nyuzi zinavyozunguka kona. Pande zote nne zimekatwa kutoka ubao mmoja kwa mfuatano, ubavu mrefu, ubavu mfupi, mrefu, mfupi, kwa hiyo doa linaloishia kona hii linaendelea upande wa pili kana kwamba ubao umekunjwa. Linaendelea kona tatu. Ya nne ni pale mwanzo wa ubao unapokutana na mwisho wake, hapo nyuzi hazisalimiani. Kona hiyo mimi naiweka nyuma, upande wa bawaba. Ukiwa na ubao mnene unaweza kuupasua katikati ya unene na kuufungua kama kitabu, na hapo kona zote nne zinakubaliana. Wangu haukuwa mnene.

Mfuniko sikuutengeneza peke yake. Nilijenga sanduku zima limefungwa pande zote sita, juu na chini, halafu nikachora mstari kuzunguka na kulikata kwa msumeno wa mkono, upande mmoja baada ya mwingine. Huwezi kupata mfuniko unaofanana na sanduku lake kuliko uliokatwa kutoka humo humo. Ukishakata upande, weka vipande vyembamba vya mbao kwenye njia ya msumeno ili sehemu mbili zisilaliane. Baadaye tandika msasa juu ya kioo, sugua midomo yote miwili mpaka ikae.

Lazima nikiri jambo. Mara ya kwanza kutumia njia hii, gundi ilipokauka nikalitikisa sanduku. Likalia. Nilikuwa nimeifungia penseli ndani. Mimi! Muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye miaka 32 kabla daktari hajafunga tumbo la mgonjwa nimehesabu mikasi, nimehesabu vitambaa, nimehesabu tena kwa sauti. Nikampigia simu mwenzangu tuliyefanya naye kazi, akaniambia, "Dada, bahati yako huyo mgonjwa anafunguliwa tena." Tangu siku hiyo vifaa vyangu ninavihesabu kabla ya gundi: penseli, futi, skwea ya kupimia pembe, patasi mbili, randa, msumeno. Vikitimia, nafunga.

Ndani ya kisanduku msipake mafuta. Hewa haipiti humo, yatachacha na kunuka. Mimi napaka shelaki, aina ya vanishi, ndani, na nje mafuta kidogo na nta ya nyuki. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, msivikunje na kuvitupa kwenye kona yenye maranda. Vinajipasha joto vyenyewe mpaka vinawaka, bila kiberiti. Vitandazeni nje vikauke au vilowekeni majini. Hili si la mahafali, najua, lakini nimewahi kuuguza waliochomwa moto na sitaki kuwatembelea wodini. Barakoa pia. Vumbi la mbao ngumu, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya pua. Ninawaona mnavyopiga msasa mninga huku kitambaa kimening'inia shingoni kama tai.

Mwalimu ananionyesha saa.

Watu huniuliza visanduku nauza bei gani. Niliuza viwili tu. Cha kwanza mteja alitaka nipake vanishi nyekundu. Cha pili mteja wake aliniambia nimalize Ijumaa, na nilipofika Alhamisi usiku kona moja ikaniachia pengo, na mkono wangu wenyewe, huu hapa, ukaenda kuchota vumbi la mbao kabla sijafikiri. Nikaziba. Akaondoka anashukuru. Kile kisanduku bado kipo mjini hapa, nakiona kila nikienda kumtembelea mwenye nacho, na jicho langu linakwenda kona ile kabla sijasalimia.

Hiki cha mezani kina makosa matatu. Sikuyaziba. Moja mtaliona mkikishika kwenye mwanga, la pili mtalisikia mkifunga mfuniko, la tatu ni la vipimo na mtahitaji skwea. Kishikeni, kifungueni, kipimeni, bishaneni. Atakayeyapata yote matatu na kunieleza kila moja lilitokea hatua gani ya kazi, nina kipande cha mpingo mfukoni, urefu wa kidole changu, ni chake.

Chakula kiko tayari, nasikia harufu. Mimi nitakuwa pale mezani mpaka gari la Kibosho lije.